Maji ya kunywa nyumbani: kipi kinastahili pesa yako, kipi kisubiri, kipi ukiache dukani

Familia ya watu watano mjini Dar es Salaam huhitaji lita 10 hivi za maji salama kwa siku, ukijumlisha maji matupu, chai na juisi. Kwa mwezi ni lita 300. Ishike hesabu hiyo, maana ndiyo tutakayoitumia kupimia kila kitu hapa chini. Lita 300 ni madumu 16 ya lita 18.9, au katoni 17 za chupa 12 za lita moja na nusu, au vidonge 15 vya klorini. Uliza bei za mtaani kwako uzilinganishe. Kwa nyumba nyingi zinazopata maji ya bomba ya DAWASA, anayenunua katoni 17 hapati usalama wowote wa ziada kumshinda anayetumia vidonge 15 sawasawa.

Kabla ya kutoa pesa, jua kwanza maji yako yana tatizo gani. Vimelea ni tatizo moja, chumvi ni lingine, floraidi (madini ya miamba yanayoharibu meno) ni la tatu, na dawa ya hili haigusi lile. Maji ya DAWASA kutoka mto Ruvu huondoka mtamboni yakiwa yametiwa dawa. Yanachafukia njiani: wakati wa mgao bomba likibaki tupu hunyonya maji machafu kupitia nyufa zake. Yanachafuka tena kwenye simtanki isiyooshwa, na mara ya tatu kwenye ndoo ambayo kila mtu anatumbukiza kikombe chake. Hapo kazi ni kuua vimelea, basi. Kisima cha karibu na bahari kina shida ya chumvi juu ya hiyo, na chumvi haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kidonge. Maji ya boza yahesabu kuwa hayajulikani yalikotoka, hata dereva akuapie.

Nafasi ya 1: ndoo mbili zenye mfuniko na koki, pamoja na vidonge vya klorini

Nunua ndoo mbili za lita 20 za plastiki ya chakula, koki ikiwa imefungwa sentimita chache juu ya kitako ili mashapo yabaki chini. Moja ikitumika, nyingine inatibiwa. Kagua koki dukani: iwe na washa ya mpira ndani na nje, na nati yake ikazike kwa mkono. Ndoo yenye koki ndiyo nusu ya ulinzi wenyewe, kwa sababu maji mengi yaliyotibiwa vizuri huharibiwa na kata na mikono baadaye.

Vidonge kama WaterGuard vinapatikana kwenye maduka ya dawa. Vingi ni vya miligramu 67, kimoja kwa lita 20, lakini vipo vidogo vya lita 1 na vya lita 5, kwa hiyo soma pakiti, usikisie kwa ukubwa wa kidonge. Kama maji yana tope, yaache yatulie, yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, ndipo utie dawa. Tope linakula klorini kabla haijafika kwa vimelea. Koroga, funika, subiri dakika 30. Ndani ya muda huo usitie kitu kingine chochote. Wengi hukamulia ndimu mapema ili kuua harufu, na ndimu inaua klorini yenyewe. Ikamue kwenye glasi wakati wa kunywa. Harufu hafifu ya dawa baada ya nusu saa ni ishara nzuri. Isiposikika kabisa, maji yalikuwa machafu kuliko ulivyodhani: rudia dozi na usubiri tena nusu saa. Yamalize ndani ya saa 24, au yatibu upya.

Udhaifu wake ni mmoja wa kuujua: kuna kimelea cha kuharisha kiitwacho kriptosporidiamu ambacho klorini haikiwezi. Nyumba yenye mtoto mchanga anayetumia maziwa ya kopo au mtu mwenye kinga dhaifu ichemshe maji ya watu hao.

Nafasi ya 2: chujio la mishumaa ya kauri

Hizi ni ndoo mbili zilizopandana, za chuma kisichoshika kutu au plastiki, ya juu ikiwa na mshumaa mmoja, miwili au zaidi. Mshumaa mmoja hupitisha takriban lita moja hadi mbili kwa saa ukiwa mpya. Kwa lita 10 kwa siku, nunua lenye mishumaa miwili. Kauri nzuri inazuia bakteria na vimelea vikubwa, kriptosporidiamu akiwemo, lakini virusi ni vidogo mno na vingine hupita. Kwa hiyo tia kidonge, kwa kipimo cha lita zilizomo, kwenye ndoo ya chini. Ukikitia juu utakipoteza bure, maana mishumaa mingi ina mkaa ndani unaonyonya klorini.

Kinachoharibu chujio mara nyingi ni ufungaji kuliko kauri. Baada ya kufunga, mimina juu maji kidogo tu, yafunike washa bila kufika kwenye kauri. Tone likionekana chini, maji yanapitia kwenye washa na unakunywa maji ambayo hayajachujwa. Kaza nati kwa mkono, usitumie koleo. Mshumaa unapasuka shingoni na ufa hauonekani. Maji ya mijazo miwili ya mwanzo yatumie kuoshea vyombo.

Ukiona kasi imepungua, toa mshumaa na uusugue chini ya maji safi kwa brashi laini. Sabuni hapana, itaingia kwenye vitundu na ladha yake haitoki. Ukiona kasi *imeongezeka* ghafla, usishangilie: mshumaa umepasuka, badilisha siku hiyo hiyo. Kabla ya kununua chujio lolote muulize muuzaji kama anauza mishumaa ya akiba ya aina ileile. Akisita, nenda duka jingine.

Nafasi ya 3: dumu la lita 18.9

Ni chaguo zuri kwa ofisi, kwa anayeishi peke yake, na kwa aliyezungukwa na visima vya chumvi. Kagua lakiri ya kizibo, alama ya TBS, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho, kisha liinue kwenye mwanga. Ukijani kwenye pembe ni mwani, dumu limekaa juani. Mikwaruzo mingi ndani ni maficho ya vimelea ambayo kiwanda hakiwezi kuyaosha. Kizibo kisicho na tarehe, kirudishe.

Wengi hununua maji mazuri kisha wanayapitisha kwenye dispensa chafu. Kila miezi miwili chomoa umeme, acha ipoe, fungua kizibo cha nyuma umwage tangi lote. Changanya kijiko kimoja cha mezani cha dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato kwa lita 4 za maji, ijaze, subiri dakika 5, itoe kwa koki zote, kisha suuza hadi harufu iishe. Shingo ya dumu ifute kwa kitambaa safi kila unapobadilisha. Dumu lililofunguliwa lisikae zaidi ya wiki mbili.

Nafasi ya 4: kuchemsha

Kwa kuua vimelea hakuna njia inayoshinda kuchemsha, na tungeiweka juu kama si gharama ya moto. Lita 10 kwa siku kwa birika la umeme ni uniti 1 hivi, yaani 30 kwa mwezi. Aliye kwenye tarifa nafuu ya umeme, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, atavuka kirahisi. Kwa gesi ni karibu kilo 4 kwa mwezi, zaidi ya nusu ya mtungi wa kilo 6. Kwa mkaa ni nusu kilo hivi kila siku. Maji yakianza kutokota kwa nguvu, dakika moja inatosha. Juu ya mita 2,000, kama Makete, iwe tatu. Kuyaacha robo saa ni kuchoma pesa. Yapoe kwenye sufuria ile ile ikiwa imefunikwa, kwa sababu hayana dawa ya kuyalinda tena.

Nafasi ya 5: mashine ya RO

Hii husukuma maji kupitia utando wenye vitundu vidogo mno vinavyozuia hata chumvi. Inunue kama maji yako yana chumvi au floraidi. Kwa maji ya bomba la mjini ni anasa. Utando wake unahitaji mgandamizo wa baa 3 hivi, na simtanki iliyoinuliwa mita 3 inatoa baa 0.3 tu, kwa hiyo lazima iwe na pampu na umeme. Kwa kila lita moja safi humwaga lita mbili hadi nne; zikinge za kusafishia vyoo. Vichujio vya mwanzo vinabadilishwa kila miezi 6 hadi 12, utando kila miaka miwili au mitatu.

Jihadhari na onyesho la wauzaji la kutumbukiza vyuma vyenye umeme kwenye glasi ya maji ya bomba hadi yageuke kahawia. Ule ni ulikaji wa chuma chenyewe, kwa sababu maji yenye madini yanapitisha umeme. Kipimo cha TDS nacho kinapima jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Vimelea vya kipindupindu hakivioni.

Katoni za chupa ndogo ziwe za safari na misiba. Maji ya kandoro yasiyo na lebo usiyanunue. Mashine ya maji ya alkali (kinyume cha asidi) pia iache: tumbo lina asidi kali inayofuta tofauti hiyo mara moja.

Mkiwa Arusha, Meru, Manyara au Singida

Mpangilio unabadilika. Floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano hukahawisha meno ya watoto, na ikizidi kwa miaka hupinda mifupa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua nayo inabaki. Hapa nafasi ya kwanza ni RO, chujio la mkaa wa mifupa kama yale yaliyofanyiwa utafiti Ngurdoto, au maji ya dumu ambayo lebo yake inaonyesha kiasi cha floraidi. Chujio la nano la Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha, lililoshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015, lilibuniwa kwa shida za aina hii. Mkaa wa mifupa hushiba, kwa hiyo uliza utabadilishwa baada ya lita ngapi, na peleka sampuli maabara ya maji ya mkoa kabla ya kununua na tena baada ya miezi michache. Ukilazimika kugawa maji kidogo, wape kwanza watoto walio chini ya miaka 8, meno yao ya kudumu bado yanajengeka.

Ununue kwa kiasi gani

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inaweka lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume kwa siku, chakula kikiwemo, kwenye hali ya hewa ya wastani. Joto la Dar la Januari linadai zaidi, na bodaboda au fundi ujenzi anayeshinda juani anaweza kupita mara mbili. Chai, uji na madafu vinahesabika. Mjamzito aongeze lita 0.3, anayenyonyesha 0.7. Mtoto chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji maji kabisa. Angalia mkojo: rangi ya majani makavu ni sawa, ukifanana na chai ya rangi umechelewa. Usinywe zaidi ya lita moja kwa saa, maana chumvi ya damu inashuka. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kipimo cha daktari wake, si hiki.

Weka ndani pakiti mbili za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini mtu anapoharisha) karibu na ndoo. Moja kwa kawaida ni ya lita moja ya maji yaliyotibiwa, na ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo, kwa lita hiyo hiyo.