Nimepimwa tabia kwa eniagramu hapa Mwanga, Kigoma

Wadau wa Kigoma mnaoulizia yule dada anayepima tabia pale Mwanga, nimeenda na nimeridhika ila kuna kitu lazima niseme. Maswali yake yanakuchimba kwelikweli, haulizi unapenda nini, anauliza unaogopa nini na ukikasirika unafanyaje, halafu anakuwekea duara la eniagramu lenye namba 1 mpaka 9, kila namba ni aina moja ya tabia, mimi nikaangukia 6, mtu wa kutaka uhakika kwanza na kuwaza mabaya kabla hayajatokea, yaani ni mimi mtupu.

Shida ilianza alipotaka tarehe ya kuzaliwa. 14/8/1993, akajumlisha tarakimu moja moja ikaja 35, 3+5 ni 8, basi akataka kunihamishia 8 eti mbabe, mtu wa kuongoza. Hapana jamani, hiyo ni numerolojia, kumsoma mtu kwa namba za tarehe yake, mliozaliwa siku moja wote mnapata namba moja hata kama tabia ni mbingu na ardhi! Eniagramu aliyoifundisha Oscar Ichazo kule Chile inaangalia kinachokusukuma ndani, tarehe haihusiki. Hesabu ipo kwenye mchoro wenyewe, chukua simu gawa 1 kwa 7 uone 142857 inavyojirudia, mistari ya ndani inafuata mpangilio huohuo, 3, 6 na 9 zinabaki na pembetatu yao.

Bei haiumi na mapokezi mazuri, hana haraka na mteja. Nendeni, ila akifika kwenye tarehe mwambieni mnataka maswali tu.