Mkoba wa ngozi Florence: kagua ukingo wa mkanda kabla hujatoa hela

Mwaka juzi mwezi wa nne nilienda Florence, Italia, siku nne na mdogo wangu, na kitu nilichokuwa nimekiwekea hela tangu Krismasi ni mkoba wa ngozi, mmoja tu wa maana wa kwendea kazini. Nikaununua siku ya kwanza kwenye kibanda kimoja cha barabarani, rangi ya kahawia, ndani kitambaa kizuri, umegongwa muhuri wa "vera pelle", mwenye kibanda akaanzia euro 180 tukapatana 95, nikaondoka roho kwatu. Mwezi wa saba mkanda ukaanza kupasuka pembeni. Sio ngozi yenyewe, ni ile rangi wanayopaka ukingoni, ilianza na ufa mdogo kama unywele pale mkanda unapopita kwenye ringi ya chuma, nikaugusa kwa kucha ikabanduka ndefu kama ganda la waya wa umeme, na ilipobanduka nikaona katikati ya mkanda kuna kitu cha kijivu kama boksi la viatu. Mvua mbili tatu za huku Uingereza ninakoishi, boksi likafura, matabaka yakaachana. Mwezi wa tisa mkanda ukakatika nikiwa kwenye ngazi za stesheni na laptop ikaenda chini.

Nikaanza kuulizia kwa wadada wengine waliopita Florence. Karibu kila mmoja ana mkoba kabatini wenye ugonjwa uleule, na kila mmoja anadhani ni yeye tu hajui kutunza vitu. Hapana jamani, mnatunza sana, mliuziwa mkanda mbovu. Mwaka huu mwezi wa pili nikarudi peke yangu, siku tano, nikazunguka duka kwa duka kwa kazi hiyo moja, kukunja mikanda. Kwa hiyo humu sitaongelea rangi wala saizi wala mifuko mingapi ndani, hayo kila mtu anajua anataka nini.

Mkanda wa mkoba mara nyingi ni vipande viwili vya ngozi vimegundishwa mgongo kwa mgongo na kushonwa, na katikati huwa wanaweka kitu cha kuupa ugumu. Sasa ukingo wake unamalizwa kwa njia tatu. Kuna kukunja ngozi ya juu iingie ndani halafu ishonwe, hapo huoni mkato kabisa. Kuna kuuacha mkato wazi, ukasuguliwa mpaka unang'aa, na hii inataka ngozi ngumu nzuri maana hakuna pa kuficha kitu. Halafu kuna kupaka rangi. Rangi yenyewe sio dhambi, fundi anayejua anapaka koti nyembamba, anasubiri ikauke, anapiga msasa, anarudia, mara kadhaa. Asiyetaka kupoteza muda anapaka koti moja nene, linang'aa vizuri dukani, halafu linapasuka palepale mkanda unapojikunja kila siku. Ukingo ukishafunguka maji yanaingia, gundi inaachia, basi tena.

Kwa hiyo ukishika mkoba anza na mkanda. Ukunje kama herufi U karibu na ringi, angalia ukingo kama unafanya vimikunjo vyeupe au mistari. Pitisha kucha pembeni taratibu, kama unahisi tuta kama plastiki iliyomwagika, rudisha. Na hii ya tatu ndo ninayoipenda kuliko zote: chungulia ndani ya matundu ya kurekebishia urefu. Ukingo wamepaka rangi, ila matundu wanayatoboa tu wanaacha hivohivo, kwa hiyo pale ndani unaona mkanda umetengenezwa na nini. Ukiona nyuzinyuzi za ngozi tangu juu mpaka chini, sawa. Ukiona mstari wa kijivu katikati kama karatasi ngumu, huo ndo mkanda wangu wa mwaka juzi. Mwangaza wa simu unatosha.

Usihangaike na kiberiti. Kuna wauzaji wanawasha kiberiti cha gesi wanapitisha moto kwenye mkoba, mkoba hauungui, watalii wanashangilia. Ule moto haukwambii ngozi ni tabaka gani. Ngozi ya ng'ombe ni nene, inapasuliwa kwa mashine, tabaka la juu ndo lenye nguvu na la chini, Waitaliano wanaliita crosta, linapakwa rangi na kugandamizwa mistari lifanane na la juu, na lenyewe bado ni ngozi ya mnyama, na lenyewe linavumilia moto wa sekunde mbili. "Vera pelle" maana yake ngozi halisi, basi. "Made in Italy" nayo haisemi ngozi ilitoka wapi. Kitu chenye uzito kidogo ni kile kicheti chenye namba ya mfululizo cha muungano wa viwanda vya Toscana, mkoa wenyewe wa Florence, vinavyotengeneza ngozi kwa magome na mimea, vile vya upande wa miji ya Santa Croce sull'Arno na San Miniato, wapo tangu 1994. Lakini hata chenyewe kinazungumzia ngozi, hakizungumzii ukingo.

Haya, sehemu za kununulia mkoba nilivyozipanga.

Ya kwanza bila kupepesa macho ni Scuola del Cuoio, shule ya ngozi iliyo nyuma ya kanisa la Santa Croce, lile walilozikwa Michelangelo na Galileo. Ilianzishwa 1950, mapadri Wafransisko pamoja na familia mbili za mafundi wa ngozi, Gori na Casini, ili watoto yatima wa vita wapate kazi ya mikono. Unaingia bure kwa mlango wa nyuma, Via San Giuseppe 5r. Hiyo r ni rosso, nyekundu, Florence biashara zina namba nyekundu na nyumba za kuishi zina namba zake nyingine, kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na 5 mbili, moja mbali kabisa na nyingine, nililizunguka lile kanisa nusu saa kabla sijaambiwa hilo. Ndani ni korido ndefu iliyokuwa bweni la mapadri wanafunzi, dari limechorwa michoro ya zamani, na mafundi wamekaa pale kwenye meza wanafanya kazi mbele yako. Nilisimama nikamwangalia mama mmoja anapaka ukingo, anaweka pembeni, anachukua mwingine, anarudi kwa ule wa kwanza na msasa. Sikuwa na haja ya kuuliza kitu. Nilikunja mikanda tisa pale, hakuna aliyenikunjia uso, na yule dada wa kaunta alinionyesha mwenyewe ndani ya matundu. Bei ni mia kadhaa za euro na hawapunguzi. Wanakugongea herufi za jina lako kwa dhahabu. Mimi nimeshakuwa mtu wao, sitaki kujifanya niko katikati, mkoba wangu sasa umetoka pale na ndo ninaoutumia kila siku.

Ya pili ni karakana ndogondogo za Oltrarno, ng'ambo ya mto, mitaa ya nyuma ya Santo Spirito na San Frediano. Kule unaweza kuagiza, ukasema nataka ukingo wa kukunja, nataka mkanda wa ngozi tupu bila kitu katikati, na fundi anakuelewa haraka kuliko muuza duka. Ubaya wake wanafunga mchana, na ukiagiza unasubiri, kwa hiyo nenda siku ya kwanza ya safari sio ya mwisho.

Ya tatu ni Il Bisonte, brandi ya hapohapo Florence tangu 1970. Wanatumia vacchetta, ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome na mimea, isiyofunikwa na rangi nzito, inaanza rangi ya chai ya maziwa na mwaka hadi mwaka inakolea kuelekea chai ya rangi. Mtu asiyependa madoa asiiguse maana tone la mvua linaacha alama. Kwa ukingo sikuwa na la kulalamika. Ni ghali, na ukishakuwa na hela hiyo mimi ningekurudisha Santa Croce.

Mikoba ya mtumba naiweka ya nne na ingekuwa juu zaidi kama ingepatikana kwa uhakika. Soko la vitu vya zamani lilikuwa Piazza dei Ciompi, likahamishiwa Largo Annigoni karibu na soko la chakula la Sant'Ambrogio, na Jumapili ya pili ya mwezi kuna mnada wa vitu vya kale pale Santo Spirito. Kwa mtu aliyekulia kuchambua marobota ya soko la mitumba la Karume, Dar, mkono unajua wenyewe pa kwenda. Uzuri wa mkoba wa miaka ishirini ni kwamba mkanda wake umeshajikunja mara elfu, kama ukingo ungepasuka ungekuwa umeshapasuka, majibu yote yako pale. Nenda asubuhi.

Via de' Tornabuoni, kwenye maduka makubwa yenye walinzi, nilipita. Ferragamo wako ndani ya kasri la Palazzo Spini Feroni, jengo la zama za kati, linatosha kuangalia kwa nje. Sina bajeti hiyo na wengi wenu hamna.

Vibanda vya San Lorenzo na vile vya chini ya paa la Mercato Nuovo, kwenye sanamu ya nguruwe wa shaba ambaye watu wanamsugua pua: chukua mkanda wa kiuno, pochi ya kadi, kitu kisicho na mkanda wa kubeba uzito. Mkoba hapana.

Na hapa niseme linaloniuma. Bei ya pale haina mwenyewe. Mkoba uleule, kwa macho yangu, kibanda cha kwanza mama wa Kijerumani kaambiwa 120, mimi dakika mbili baadaye nikaambiwa 200, na nilipouliza kwa nini nikaambiwa "kwako special price". Kupatana bei sijaanza leo, nimekulia Kariakoo, lakini Kariakoo muuzaji akikupandishia bei anajua na wewe unajua na mnacheka, pale unaangaliwa sura kwanza. Halafu ukikunja mkanda wanakunyang'anya, "no touch madam, delicate". Mkoba wa kubebea laptop kila siku, delicate! Na waliosambaza mikoba feki ya majina makubwa chini kwenye mashuka, usithubutu hata kuuliza, Italia faini inampiga na mnunuzi, inafika mpaka euro 7,000.

Kwa wanaoishi nje ya EU, ikiwa ni pamoja na sisi wa Uingereza tangu Brexit, ombeni fomu ya tax free, ile ya kurudishiwa kodi, dukani na muwe na pasipoti mkononi. Tangu Februari 2024 Italia imeshusha kiwango, manunuzi ya zaidi ya euro 70 duka moja yanatosha, zamani ilikuwa karibu 155. VAT ni asilimia 22 ila hupati yote, kampuni za kurudisha zinakata chao. Fomu inathibitishwa forodha unapotoka EU, kwa hiyo mkoba usiuweke kwenye begi la kucheki kabla hujamaliza hapo, wanaweza kutaka kuuona. Kwenye kile kibanda cha mwaka juzi nilipoomba fomu niliambiwa mashine imeharibika, na risiti niliyopewa ilikuwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, 95, bila jina la mtu wala namba.