Kikokotoo cha Darajani kwenye hesabu za nyota

Vile vikokotoo vya kisayansi vya bei nafuu vinavyouzwa Darajani, soko la Unguja, vinatosha kabisa kwa masafa ya nyota. Mtego uko kwenye kitufe cha EXP, ambacho chenyewe tayari kina maana ya "× 10 kwa kipeo cha". Mwaka-nuru mmoja, yaani umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka, ni kilomita 9.461 × 10¹²: bonyeza 9.461, EXP, 12, basi. Ukitia "× 10" kabla ya EXP, jibu linakua mara kumi. Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua, miaka-nuru 4.24, inatoka kilomita 4.01 × 10¹³. Kuzigeuza ziwe masafa ya Dunia hadi Jua, gawa kwa 1.496 EXP 8. Utapata kama 268,000. Anayeandika ÷ 1.496 × 10^8 bila mabano atapewa 2.68 × 10²¹, na hapo mashine haina kosa. Vitufe vigumu kidogo, na juani kioo hakisomeki.