KiCad 9 kwa fundi anayetaka kugawa saketi zake

Toleo la 9 la KiCad, programu ya kuchora saketi na bodi zake, lilitoka Februari 2025, na kinacholifanya listahili bando lako ni kitu kimoja: vipande vya saketi. Unateua sehemu ya skimatiki (mchoro wa saketi), tuseme regyuleta (kidhibiti voltu) ya kulisha ESP32, chipu yenye waifai, unaihifadhi kwenye maktaba, na mwenzako wa Likoni anaidondosha kwenye mradi wake bila kuchora upya. Programu ni ya bure. Kifurushi cha Windows kinapita gigabaiti 1 lakini, kwa hivyo tafuta waifai ya mtu.

Anza kwa kuunda maktaba kwenye paneli ya vipande, la sivyo huna pa kuhifadhi. Teua sehemu unayoitaka, bonyeza kulia juu ya jina la maktaba, hifadhi, kisha jaza jina, maelezo na maneno ya kutafutia. Maktaba yenyewe ni folda ya kawaida inayoishia na .kicad_blocks. Itie kwenye flashi au Git (mfumo wa kutunza na kugawa faili za mradi), imekwenda.

Kinachoudhi ni kwamba kwenye toleo hili kipande hubeba skimatiki pekee. Njia za shaba hazimo. Hata futiprinti (umbo la pedi za kipuri kwenye bodi) huenda jina tu. Kama ulichora ya kwako, mpe mwenzako na folda yako ya .pretty, inamokaa futiprinti, ama ataambiwa haipatikani pale anapohamia kwenye bodi.

Kuna na hitilafu ya kimyakimya. Ukiweka kipande kilekile mara mbili kwenye karatasi moja, lebo (majina ya nyaya) za jina moja huungana. Ukaguzi wa ERC (wa makosa ya umeme) utapiga kelele pini za kutoa umeme za regyuleta mbili zikigongana, ila laini mbili za data zikifungana hauoni neno. Weka tiki pale pa kukiingiza kama karatasi ndogo. Hata hapo alama za umeme kama +3V3 na lebo za jumla huungana mradi mzima.

Tatizo kubwa, hata hivyo, halimo kwenye programu. Chukua AMS1117-3.3, regyuleta iliyojaa kwenye saketi za kugawana. Mtu anaifunga kwenye tuktuk. Injini ikiwaka, betri hukaa karibu 14V. ESP32 ikivuta 0.25A inapotuma waifai, 10.7V zilizobaki zinageuka karibu 2.7W za moto ndani ya ganda la SOT-223, na joto la Mombasa halisaidii. Tena kikomo chake ni 15V, mruko mmoja wa chaja unaimaliza. Mwingine anaifunga kwenye betri moja ya lithiamu. Regyuleta hii, mzigo ukikaribia kikomo chake cha ampea, inataka zaidi ya 1V juu ya inachotoa, yaani kama 4.4V, na betri iliyojaa ina 4.2V. ESP32 inajizima na kuwaka, na lawama zinamwangukia mchoraji.

Basi andika mipaka ndani ya maelezo ya kipande na juu ya skimatiki yenyewe: voltu za kuingia, ampea, kapasita ya 22µF kwenye upande wa kutoa umeme na aina yake. Kipande kisicho na mistari hiyo mitatu usikichukue.

KiCad haikuulizi leseni, kwa hivyo iandike mwenyewe. CERN-OHL, leseni ya vifaa huria, toleo la 2, la mwaka 2020, ina sura tatu: S, W na P. Ukitumia S, anayebadilisha na kuuza lazima atoe faili zake kwa masharti yaleyale. W inamruhusu kukitia kipande chako ndani ya bodi yake iliyofungwa, ila mabadiliko ya kipande chenyewe ayatoe. P inadai tu asifute ilani zako. Kwa kipande cha regyuleta, W ndiyo saizi yake. Alama za maktaba ya KiCad zisikutie hofu: ni CC BY-SA 4.0, lakini zina msamaha unaoacha bodi yako huru.

Kwa skimatiki tunaipa 4 kwa 5, kwa bodi nzima 2. Na anayekutumia Gerber (faili za kutengenezea bodi kiwandani) peke yake akasema amegawa, mrudishe akalete .kicad_sch na .kicad_pcb, faili za skimatiki na bodi zenyewe.