Stendi za maiki za bei nafuu: uzoefu wangu baada ya kutumia za kila aina

Jamani mi nimetumia stendi za bei ya chini muda mrefu, za kuimbia, za gitaa, zingine bado nnazo zingine zimeishia kuwa vyuma chakavu, na anayeniuliza anunue ipi huwa namwambia achana na urefu, achana na rangi na zile picha za tangazo, angalia kile kiungo ambapo mkono wa bumu, ule wa kulala unaobeba maiki, unakutana na nguzo. Stendi nyingi zinafia pale pale.

Zile za bei rahisi kabisa wanaweka plastiki tupu. Mwanzoni ukikaza inashika vizuri tu, baada ya muda yale meno ya ndani yanasagika, sasa uko katikati ya kurekodi unaona maiki inashuka taratibu kama mtu anayesinzia kwenye basi, mwimbaji naye anaifuata na mdomo bila kujua, ukija kusikiliza mwanzo wa ubeti na mwisho wake sauti hazifanani kabisa. Na uzito wa maiki ndo unaoamua. Maiki ya Shure SM58 ni gramu 298 tu, karibu stendi yoyote itaibeba, ila SM7B ya kampuni hiyo hiyo ni gramu 765 hivi, weka hiyo kwenye kiungo cha plastiki halafu nyoosha bumu lote uone.

Ninayoitegemea sasa hivi ni K&M 210/9, ya kampuni ya König & Meyer ya Ujerumani, miguu mitatu na bumu. Sio rahisi kama zile za plastiki, nakubali, lakini viungo ni chuma, ukikaza kidogo tu imeshika haichezi, na spea zake zinauzwa kwahiyo kipande kikifa unabadilisha kipande, hutupi stendi nzima. Kwa hesabu yangu hiyo ndo bei nafuu yenyewe. Kama bajeti hairuhusu tafuta ya kampuni yoyote ila kiungo kiwe cha chuma, hata kama nguzo ni nyembamba.

Stendi ya kitako cha duara nayo naipenda kwa mtu anayeimba amesimama, haili nafasi na hakuna miguu ya kujikwaa, ila kwangu mwimbaji akianza kupiga piga mguu sakafuni mdundo unapanda hadi kwenye maiki, ikabidi niweke kipande cha zulia nene chini. Na usiifunge bumu refu kama kitako ni chepesi, itaanguka, sio labda. Zile za kubana mezani zinafaa kwa kuongea tu, podikasti na mambo hayo. Kila ukigusa meza inaingia kwenye rekodi na springi zingine zinalia.

Mambo madogo yanayookoa stendi: mkono wa bumu uelekeze juu ya mguu mmoja, usiuache uning'inie katikati ya miguu miwili, na kama maiki ni nzito tundika mfuko wa mchanga upande wa pili. Ukitaka kubadilisha urefu legeza kwanza, watu wanavuta kwa nguvu ikiwa imekazwa halafu wanalalamika stendi mbovu! Na dukani usione aibu, nyoosha bumu lote, bonyeza ncha yake kwa kidole, ikishuka yenyewe ukiachia rudisha rafuni.

Kingine cha kuangalia ni thredi, zile nyuzi za skrubu za kufungia kishikio cha maiki kwenye stendi. Kuna ya inchi 5/8 na kuna ya inchi 3/8, stendi nyingi za Ulaya ni hiyo ndogo wakati vishikio vingi vya maiki ni vya hiyo kubwa, kwahiyo unahitaji kale ka-adapta ka duara. Mara nyingi kanakuja ndani ya kishikio, ila kanapenda kubaki kwenye stendi ukifungua maiki halafu hukaoni tena, nunua vya ziada kabisa siku hiyo hiyo.