The Good, the Bad and the Ugly kwenye diski: nunua toleo la dakika 161, usikilize kwa mono

Anayetaka kuiweka nyumbani filamu hii ya kauboi ya mwaka 1966 namshauri anunue diski ya 4K iliyotoka 2021 yenye toleo la dakika 161, kisha aingie kwenye menyu ya sauti achague mono, yaani sauti ya njia moja. Nimeilinganisha na Blu-ray ya 2014, na pia na toleo refu la dakika 179 lililounganishwa 2003. Mwongozaji Sergio Leone alikusanya mafundi ambao kila mmoja alikuwa bingwa wa fani yake, na katika matoleo yale mengine kazi za baadhi yao zimefunikwa na mikono iliyokuja baadaye. Kwenye hili la dakika 161 unawaona na kuwasikia wenyewe.

Nianze na mpiga picha mkuu, Tonino Delli Colli, maana lawama nyingi zinazotupiwa diski hii zinatokana na kutojua alivyofanya kazi. Filamu ilipigwa kwa mfumo wa Techniscope. Filamu ya kawaida ya milimita 35 hutumia matundu manne ya pembeni kwa kila picha; Techniscope hutumia mawili tu. Roli ya mita 300 ambayo kwa kawaida huisha kwa dakika 11 hivi ikawa inakwenda dakika 22, na gharama ya utepe wa filamu ikashuka nusu. Faida nyingine ni kwamba mfumo huu unatumia lenzi za kawaida zisizobana picha, hivyo kamera iliweza kusogea hadi usoni mwa mtu, ukahesabu vinyweleo na jasho, na bado umbo la uso lisiharibike. Zile sura zinazojaza skrini nzima zina mizizi hapo.

Hasara yake ni kwamba kila picha ina nusu ya eneo, kwa hiyo ikikuzwa chembe zake zinaonekana. Ukiziona kwenye anga na kwenye kuta nyeupe, usidhani diski ni mbovu. Hizo si chenga za antena, ndiyo filamu yenyewe. Makosa huanza pale TV inapojaribu kuzifuta. Shika rimoti, chagua hali ya picha iitwayo sinema, kisha zima vitu vitatu: upunguzaji wa chenga, ulainishaji wa mwendo, na unoaji wa kingo. Ukiacha cha kwanza kikiwaka, uso wa Lee Van Cleef, anayeigiza Angel Eyes, unakuwa laini kama sabuni iliyolowa, na mikunjo yote ambayo Delli Colli aliitafuta kwa taa inapotea. Hakikisha pia TV haijakuza picha ili kuziba mistari myeusi ya juu na chini. Uwiano sahihi ni 2.35 kwa 1. Ukiukuza unakata watu wa pembeni, na katika filamu hii adui huwa anatokea pembeni.

Rangi ndiyo kasoro kubwa ya diski ya 2014. Picha yote imetiwa umanjano: mawingu yanaonekana kama maziwa yaliyochacha, na bluu inageuka kijani. Kuna kipimo rahisi cha kugundua hilo kwenye nakala yoyote. Tafuta sehemu Blondie (Clint Eastwood) na Tuco (Eli Wallach) wanapowaona wanajeshi wakija wakiwa wamevaa kijivu. Tuco anawashangilia akidhani ni jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mpaka ofisa anapojikung'uta mkono wa koti, vumbi linatoka, na rangi ya bluu ya jeshi la Kaskazini inajitokeza. Tukio zima limesimama juu ya tofauti ya rangi mbili. Kwenye nakala yenye umanjano bluu haikugutushi. Kwenye 4K ya 2021 inaruka machoni papo hapo, kama ilivyokusudiwa.

Aliyebuni mandhari na mavazi ni Carlo Simi, msanifu majengo kwa taaluma. Kazi yake kubwa hapa ni makaburi ya Sad Hill katika mkoa wa Burgos, kaskazini mwa Hispania, yenye makaburi ya bandia kama 5,000 yaliyochimbwa na wanajeshi wa Hispania. Aliyapanga kwa duara kuzunguka uwanja wa mawe katikati, na hilo ndilo lililomwezesha Leone kusimamisha watu watatu wakilengana bila kona ya kujificha. Kwenye skrini ndogo ya simu duara hilo halionekani vizuri. Skrini kubwa inakuonyesha safu zikipanda hadi vilimani. Mwaka 2015 wapenzi wa filamu walianza kuufukua uwanja huo kwa majembe, na leo unaweza kuutembelea.

Daraja linalolipuliwa katika filamu nalo lilijengwa na wahandisi wa jeshi hilohilo, juu ya mto Arlanza. Mara ya kwanza lililipuliwa kwa bahati mbaya kamera zikiwa hazijawashwa, kwa sababu ishara ilieleweka vibaya, ikabidi lijengwe upya. Mlipuko tunaouona ni wa pili. Angalia mawe yanavyoruka hadi karibu na mifuko ya mchanga walikojilaza Eastwood na Wallach, utaelewa kwa nini Eastwood hakukubali wawekwe karibu zaidi.

Tuje kwenye sauti, eneo ambalo wanunuzi wengi hukosea. Waigizaji walikuwa Wamarekani, Waitaliano na Wahispania, kila mmoja akisema lugha yake mbele ya kamera, na sauti zote zikaingizwa baadaye studioni. Mistari ya Kiingereza iliandikwa na Mickey Knox, Mmarekani aliyekuwa akiishi Roma, akitafuta maneno yatakayokaribiana na midomo. Eastwood, Wallach na Van Cleef waliingiza sauti zao wenyewe kwa Kiingereza. Kwa hiyo usihangaike kurekebisha ucheleweshaji wa sauti kwenye spika kila unapoona mdomo haulingani na neno. Pima kwa Eli Wallach: kama yeye analingana, mitambo yako iko sawa, na wale wasiolingana ni Waitaliano na Wahispania ambao hawakuwahi kulingana. Aldo Giuffrè, yule kapteni mlevi wa darajani, ni mfano mzuri. Mtu aliyekulia kwenye vibanda vya video, akimsikiliza mtafsiri akisemea wahusika wote kwa Kiswahili, atalizoea hili haraka.

Sauti ya 5.1 (ya spika sita) iliyotengenezwa wakati wa kazi ya 2003 ina tatizo zito zaidi: milio mingi ya bunduki na mizinga imebadilishwa ikawekwa mipya. Ile ya asili ni mikavu, yenye mwangwi mrefu unaorudi kutoka milimani, na masikio ya wapenzi wa sinema za kauboi za Kiitaliano huitambua mara moja. Ile mipya ni mizito na ya kisasa, inakaa juu ya picha badala ya ndani yake. Zaidi ya dakika 10 za mwanzo hazina neno hata moja, ni upepo, viatu na mbwa tu. Sauti ikiwa imeguswa hapo, ndiyo kwanza filamu imeanza na tayari umekosa kitu. Ukichagua mono, zima pia athari za kusambaza sauti kwenye mashine yako. Acha itoke kwenye spika ya katikati, au kwenye zile mbili kwa usawa.

Muziki wa Ennio Morricone ulioongozwa na Bruno Nicolai haupungukiwi kitu kwa kuwa mono. Tuni moja ya msingi imegawiwa kwa wahusika watatu: filimbi kwa Blondie, okarina (filimbi ya mviringo ya udongo) kwa Angel Eyes, sauti za watu kwa Tuco. Mluzi ni wa Alessandro Alessandroni, ambaye pia aliongoza kwaya. Mwanamke anayeimba bila maneno Tuco anapokimbia kati ya makaburi ni Edda Dell'Orso. Tarumbeta ya pambano la mwisho ni ya Michele Lacerenza. Katika pambano hilo sikiliza huku ukiangalia uhariri wa Nino Baragli na Eugenio Alabiso: picha pana na ndefu kwanza, kisha nusu mwili, kisha mikono na macho, kila moja ikifupishwa kadiri muziki unavyopanda. Kwenye 4K utaona hata kidole cha kati cha mkono wa kulia wa Van Cleef, ambacho ncha yake haipo.

Eastwood ndiye stelingi, lakini kwangu filamu inabebwa na Wallach. Tukio la duka la bunduki, anapofungua bastola kadhaa na kuunganisha moja kwa kusikiliza mitambo yake sikioni, alilibuni mwenyewe. Hakuwa mjuzi wa silaha, na Leone alimwachia afanye apendavyo. Pale makaburini mbwa aliachiliwa bila yeye kuambiwa, na mshtuko wake ni wa kweli. Alipofungwa mikono akiwa juu ya farasi na kamba ikapigwa risasi, farasi alitimua mbio naye akiwa bado amefungwa. Pale relini, alipolala kando ya treni ikipita, ngazi za chuma za mabehewa zilimpita karibu na kichwa. Kama angekiinua, angekufa.

Toleo refu la dakika 179 lina thamani yake kwa anayeijua filamu tayari. Tukio la Angel Eyes kwenye ngome iliyobomoka ya jeshi la Kusini linaeleza jinsi alivyofika kambi ya wafungwa ya Betterville, jambo ambalo toleo fupi linalirukia. Lakini tukio la pangoni, Tuco anapotafuta wenzake, lilikatwa na Leone mwenyewe baada ya onyesho la kwanza Roma, na mwendo wa filamu ni bora bila hilo. Tena sauti za Kiingereza za sehemu hizo ziliingizwa karibu miaka 40 baadaye. Eastwood alikuwa amevuka 70, Wallach alikuwa anaelekea 90, na Van Cleef, aliyefariki 1989, anasemewa na Simon Prescott. Vijana wanafungua midomo, wazee wanatoka. Litazame mara ya pili, si ya kwanza.

Katika ziada, maelezo ya mtaalamu Christopher Frayling yanayosikika huku filamu ikiendelea ndiyo yenye faida kuliko yote. Anataja nani alifanya nini na wapi. Si kila toleo linayo, soma orodha kwanza.

Kuhusu deki: diski za 4K hazina kanda (mgawanyo wa nchi unaoamua diski ichezwe wapi), zinacheza popote. Blu-ray nyingi za Marekani ni kanda A, ilhali deki za Blu-ray za Afrika ni kanda B, kwa hiyo Blu-ray inayofungashwa pamoja na 4K inaweza kukugomea hata kama 4K yenyewe inafunguka. DVD za kwetu Afrika Mashariki ni kanda 5. Kabla ya kulipa, geuza kasha usome mgongoni: tafuta dakika 161 au 162, na neno mono. Penye 179 peke yake au 5.1 peke yake, hiyo siyo niliyoizungumzia hapa.