Kitufe kimoja, miaka 19: uzoefu wangu na kituo cha jamii cha kusaidia watu kupata kazi

Nimekaa na hasira hii miezi kadhaa. Nilijiambia nisiandike mpaka itulie. Haijatulia, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Nilikwenda kwenye kituo hicho baada ya ofisi niliyokuwa nikifanya kazi kununua programu inayosoma ankara. Mimi nilikuwa karani wa ankara kwa miaka 19. Karatasi ikifika mezani kwangu nailinganisha na oda, nailinganisha na hati ya kupokelea mzigo, naiingiza kwenye leja, naipeleka ikalipwe. Programu inapiga karatasi picha, inasoma tarakimu, inaziingiza yenyewe. Tulikuwa makarani watano, akabaki mmoja, na hakuwa mimi.

Sikwenda pale kutafuta huruma. Nilikwenda na wasifu wangu kwenye flashi, kurasa tatu, nilioulea kwa miaka yote hiyo, nikiongeza mstari kila nilipokabidhiwa jukumu jipya. Nilijua umepitwa na wakati. Nilitaka mtu anayeijua hali ya sasa aniambie nirekebishe wapi.

Binti wa dawatini, afisa ajira, hakuinua macho. Alichomeka flashi, akafungua faili, akashuka nalo mbiombio mpaka chini, kisha akasema, "Mama, hii kazi imeshakufa."

Nikamjibu kwamba nalijua hilo, ndilo lililonileta.

"Basi haina haja ya kukaa humu." Akaburuta kipanya kuanzia jina la ile ofisi mpaka mstari wa mwisho wa majukumu yangu. Maandishi yote yakafunikwa na rangi ya buluu. Halafu kidole kimoja kikashuka kwenye kitufe cha kufuta. Mara moja tu. Kurasa mbili zikatoweka, shule niliyosoma ikapanda na kugusana na jina langu, kana kwamba tangu nimalize masomo nilikuwa nimelala usingizi.

Nakiona kile kidole mpaka leo. Hakikusita.

Na mimi nilinyamaza. Nilidhani atahifadhi kwa jina jingine, nami nikifika nyumbani nitakuwa bado na faili langu. Hapana. Alihifadhi palepale, juu ya faili langu la pekee, akachomoa flashi na kunisogezea. "Sasa uko ukurasa mmoja, waajiri wanataka ukurasa mmoja. Umri nao usiuonyeshe." Akaita namba inayofuata. Sidhani kama nilikaa pale dakika kumi.

Kwa siku ile ningeandika nyota moja na kusema msiende. Kwa kweli hata hiyo moja ningeitoa kwa shingo upande.

Mtu atasema: huduma yenyewe bure, unalalamikia nini? Nimeambiwa hivyo na watu wangu wa karibu. Bure hiyo si hisani ya mtu. Mkataba namba 88 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unazitaka nchi zilizouridhia ziendeshe huduma ya ajira ya umma bila malipo. Ule namba 181 wa mwaka 1997 unawakataza hata mawakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, ukiacha vighairi vichache. Watu walikaa wakakubaliana kwamba anayetafuta kazi hana sababu ya kulipia mlango. Kituo kile ni cha jamii, si cha serikali, lakini kimesimama juu ya wazo hilo hilo, na mlango ukishakuwa wazi, anayeingia ana haki ya kuulizwa kabla ya kufutwa.

Kuulizwa tu! Angeniuliza swali moja, "Mama, siku nzima ulikuwa unafanya nini hasa?" ningemwambia. Ningemwambia kwamba kuingiza tarakimu ilikuwa sehemu ndogo ya siku yangu. Saa zilizobaki nilikuwa nawinda makosa. Muuzaji analeta ankara ileile mara ya pili, amebadilisha namba kwa kuongeza herufi mwishoni. Mzigo umepokelewa pungufu na ankara imeandikwa kamili. Punguzo lililokubaliwa kwa simu halionekani kwenye karatasi. Jina la kazi linaweza kufa, na yaliyomo ndani yake yakahamia mahali pengine yakiwa hai kabisa. Mshauri wa ajira asiyetenganisha vitu hivyo viwili anamshauri nani?

Hapo nimeandika kwa hasira, na lazima nikiri jambo. Yule binti hakukosea kila kitu. Wasifu wangu ulikuwa umepangwa ndani ya jedwali la safu mbili, na aliniambia, kwa haraka haraka na bila kueleza, kwamba "mfumo hauusomi." Baadaye nilithibitisha kuwa ni kweli. Kampuni nyingi siku hizi hupitisha maombi kwenye programu ya kuchuja kabla mtu hajayaona, na baadhi ya programu hizo huchanganya maandishi yaliyo ndani ya majedwali na safu, au huyaruka kabisa. Kichwa cha kawaida, mistari ya kawaida, na maneno yaleyale yaliyotumika kwenye tangazo la kazi kama kweli unayajua hayo. Huo ni ushauri mzuri. Nimeufuata na ninauheshimu. Ila ungekaa vizuri zaidi kama kungekuwa na chochote kilichobaki cha kupanga.

Niliporudi nyumbani nilikaa wiki kama tatu sijafanya lolote. Niliamka nimechelewa, kazi ya nusu saa ikanichukua asubuhi nzima. Nilikuwa nimewahi kusikia habari za Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa mnamo 1929 na 1930, watafiti wakaenda kuishi na waliopoteza kazi. Walipima hata mwendo wa watu barabarani, wakaona wanaume wanatembea polepole na kusimama simama. Watu walikuwa na muda tele, na bado vitabu vilivyoazimwa maktabani vilipungua. Zamani nilidhani ni uvivu. Sasa nikayaona kwenye miguu yangu mwenyewe.

Kilichonirudisha kituoni ni karatasi iliyobandikwa kwenye ubavu wa lile lile dawati: kundi la watafuta kazi, chumba cha nyuma, asubuhi nne kwa wiki. Niliipiga picha siku ile bila kuisoma vizuri.

Hapa ndipo hukumu yangu inaponivuruga, maana chumba cha nyuma kilikuwa dunia nyingine. Viti kwenye duara, kompyuta mbili za zamani, simu moja ya mezani. Mwezeshaji ni mzee mstaafu anayejitolea. Alimwamkia kila aliyeingia kwa jina, na aliponifikia akauliza lile swali. "Mama, siku yako kazini ilikuwaje? Anza asubuhi." Nikaanza asubuhi. Kijana mmoja aliyekuwa anapanga mizigo ghalani akachukua daftari akawa anaandika. Nikisema, "nilikuwa naangalia tu," mzee ananikatiza: unaangalia nini, unajuaje kuna kosa, ulilikamata mara ngapi? Tulipomaliza, daftari lilikuwa na kurasa nne. Miaka 19 ilirudi kwa mwandiko wa mtu niliyemfahamu kwa saa mbili. Nililia, na hakuna aliyegeuza macho wala aliyeniambia nyamaza.

Mzee alitueleza kwamba mtindo ule haukuanza jana. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Mmarekani Nathan Azrin na wenzake walichapisha matokeo ya kundi kama letu: watafuta kazi wanakutana kila siku, wawili wawili wanasaidiana, wanapeana habari za nafasi, wanapiga simu wakiwa pamoja ili mmoja akikosea mwenzake amsahihishe. Baada ya miezi 3, asilimia 92 ya waliokuwa kwenye kundi walikuwa wamepata kazi, dhidi ya asilimia 60 ya wenzao waliotafuta peke yao. Kulikuwa na jambo jingine alilopenda kulirudia, la mwanasosholojia Mark Granovetter, la mwaka 1973: kwamba wengi waliopata kazi kupitia mtu, mtu huyo hawakuwa wakionana naye mara kwa mara. Rafiki wa karibu anajua yale unayoyajua wewe. Yule mnayefahamiana juu juu ndiye anayetoka kwenye dunia usiyoijua.

Kwangu ilikuwa hivyo hasa. Yule kijana wa ghalani alirudi wiki iliyofuata akaniambia, "Mama, pale nilipokuwa kuna ofisi wamefunga programu ya ankara, na sasa wana rundo la zilizokataliwa hawajui wazifanyeje." Programu ilikuwa inasoma moja kama saba pale muhuri ulipopita juu ya tarakimu. Karatasi ya kurudishiwa fedha ilikuwa inaingizwa kama deni jipya. Walitaka mtu wa kukagua mashine. Hapakuwa na tangazo popote. Nisingeijua ile nafasi hata kama ningekesha kwenye intaneti mwaka mzima.

Kabla ya usaili tulifanya mazoezi siku mbili. Binti mmoja mwenye shahada ambaye hajawahi kuajiriwa popote alinifundisha kuchuja na kupanga orodha kwenye lahajedwali, nami nikamfundisha kusoma hati ya kupokelea mzigo. Jirani yangu wa duara, dereva aliyeacha usukani kwa sababu ya mgongo, akawa msaili. Alikuwa mkali kuliko msaili wa kweli.

Sasa sikilizeni kilichotokea kwenye usaili wenyewe, maana hapa ndipo hasira yangu ilipoamka upya. Swali la kwanza, msaili ameshika wasifu wangu mpya, kidole chake kiko palepale kwenye ile miaka 19: "Ukiwa na ankara mbili za muuzaji mmoja, namba tofauti, kiasi kilekile, utajuaje kama ni deni moja au mawili?" Nikamwambia siangalii namba ya ankara kwanza, naangalia namba ya hati ya kupokelea mzigo, kwa sababu muuzaji anaweza kuandika ankara mara kumi, ila mzigo umeshuka kwenye gari mara moja. Akamtazama mwenzake. Maswali mengine yote waliyouliza yalitoka kwenye mistari iliyofutwa. Yote! Ningekwenda na ule ukurasa mmoja wa dawatini, wangenihoji kuhusu shule ya sekondari.

Nikapata kazi. Mkataba si wa kudumu, na kuna siku naitazama ile mashine nikijua kila kosa ninalolisahihisha linaifundisha isilirudie. Huenda nikarudi kwenye duara baada ya muda. Nalijua hilo na ndiyo sababu bado nahudhuria ninapopata nafasi, na lahajedwali naendelea kujifunza.

Kwa hiyo nikashika kalamu kutoa nyota nne. Kundi lile linastahili tano, dawati sifuri, na kwa kuwa nimepata kazi nilikuwa tayari kusahau. Ndipo kituo kikanipigia simu nikajaze fomu ya matokeo.

Nilikwenda kwa furaha, nikijua naenda kumsifu yule mzee. Dawatini alikuwa yule yule binti. Hakunikumbuka. Fomu ina sehemu inayosema "huduma iliyokuwezesha kupata kazi," weka alama moja: ushauri wa dawatini, mafunzo ya kompyuta, tangazo la kazi. Basi. Kundi halimo. Nikamuuliza, kundi la chumba cha nyuma niliweke wapi? Akasema lile ni la kujitolea, halihesabiwi, niweke alama kwenye ushauri wa dawatini kwa sababu ndiko nilikopokelewa.

Safari hii sikunyamaza. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa dawatini nilipokelewa, na hapa hapa nilifutwa. Walioniandika upya wako nyuma ya ukuta huu." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nadhani alisikia, au ameyaona mengi kiasi kwamba alikuwa amechoka tu. Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika mlangoni, na yuko peke yake pale, hilo nalo nimeliona. Lakini uchovu wake haunifanyi niandike uongo. Wenye kutoa fedha wakizisoma fomu zile watanunua madawati mengine, na chumba cha nyuma siku moja kitageuzwa stoo, na hakuna atakayejua kilichopotea.

Akasema fomu isipowekwa alama, mfumo haufungi faili. Nikamrudishia bila alama. Nyota nawaachia wengine wahesabu. Ukienda, hifadhi nakala ya wasifu wako sehemu mbili kabla hujampa mtu flashi, kisha pita moja kwa moja chumba cha nyuma. Faili langu bado liko wazi. Wameshanipigia mara mbili.